Kijana akikuogopa, kontena litalala bandarini

Alhamisi iliyopita nilikuwa napita koridoni na kikombe changu cha chai nikasikia mtu anafokewa chumba cha operesheni. Nikachungulia. Msimamizi mmoja mpya, kapewa timu mwezi wa tatu mwaka huu, amemsimamia dogo mmoja mezani, na chumbani kuna watu tisa, pamoja na dereva wa lori aliyefuata karatasi zake. Kosa la dogo: kaandika uzito wa bidhaa peke yake kwenye kisanduku cha uzito wa jumla. Kosa la dakika tano. "Hivi hiyo digrii umeisomea wapi wewe?" Dereva akacheka. Dogo akasema, "Samahani bosi," akakaa, akageuza kiti kidogo kuelekea dirishani.

Ile sentensi ya digrii naijua. Niliwahi kuisema mimi, karibu neno kwa neno, na ofisi ikapoteza fedha, mteja wa miaka minane na mtoto mmoja mzuri sana wa kazi. Chai ilinipoea mkononi.

Nimekaa kwenye uwakala wa forodha miaka 19, nimeanza enzi za mfumo wa forodha wa ASYCUDA, nimepitia uliofuata, TANCIS, na katika miaka hiyo nimesimamia vijana wengi kuliko ninavyoweza kuwataja. Nawaandikia nyie mliopewa timu mwaka huu. Kazi yenyewe mnaijua. Sina haja ya kuwaeleza D.O., ile hati ya kutolea mzigo, ni nini wala kwa nini afisa wa forodha anarusha kweri, yaani maswali. Mnachokosea ni kukaa na hawa watoto wa elfu mbili, na mnakosea palepale tulipokosea sisi, kwa maneno yaleyale, na mkiulizwa mnasema vijana wa siku hizi hawafai. Wanafaa. Nisikilizeni.

1. Mwezi wa kwanza, kaa naye mezani mfungue salari slipu pamoja.

Umemwambia laki sita. Yeye na mama yake nyumbani wamepiga hesabu ya laki sita. Hakuna aliyemwambia kwamba NSSF inachukua asilimia 10, yaani 60,000. Kwamba PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 540,000 iliyobaki: 270,000 ya kwanza haiguswi, 250,000 inayofuata inakatwa asilimia 8, na kipande kilichozidi 520,000 kinakatwa asilimia 20, jumla 24,000. Kwamba kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachota asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000, kila mwezi mpaka deni liishe. Anabaki na 426,000. Hapo mwenye nyumba wa Mbagala anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na nauli ya kuja Kurasini na kurudi bado haijatoka.

Kuna kijana alinijia macho mekundu tarehe 29, anaamini kabisa mhasibu kamwibia. Alikuwa ameshamwahidi mdogo wake ada ya muhula. Tulikaa na kalkuleta dakika ishirini, mstari kwa mstari, mpaka akaiona mwenyewe ile 426,000. Alipoinuka akaniambia, "Nimeelewa dada. Ila mngeniambia siku ya usaili." Alikuwa na haki. Tangu hapo siku ya usaili nataja kinachofika mkononi, na sijawahi kumpoteza mtu kwa kumwambia ukweli huo mapema.

Na kama kazi yako inapita WhatsApp, mnunulie bando. Huwezi kumtaka kijana atume picha za lakiri kutoka getini mara sita kwa siku kwa bando lake la jioni.

2. "Fuata hii" si maelekezo.

Sisi tulifundishwa kwa kubeba mafaili. Unamfuata mkubwa wako, unaangalia mikono yake, huulizi. Ukiuliza unaonekana una kiburi. Hawa wanauliza, tena wanauliza mbele ya watu, na nimeona sura zenu zinavyobadilika. Mnadhani mnapimwa. Hampimwi. Huyu mtoto amekua akiwa na simu inayomjibu kila swali. Akikuuliza "kwa nini" maana yake amekuamini kwamba wewe unajua.

Kulikuwa na binti aliyekuja field, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, akaniuliza kwa nini tunachapa nakala tatu za kila TANSAD, tamko la forodha, wakati yote yamo kwenye mfumo. Nikamwambia moja ya mteja, moja ya faili letu, ya tatu inakwenda kabati la chini. Akauliza ya kabati ni ya nani. Nikamtuma kwa mhasibu. Mhasibu akamtuma kwa mtu wa getini. Mtu wa getini akasema yeye alikuta hivyo. Binti alirudi na kalamu sikioni, mtulivu kabisa, akasema, "Dada, hakuna anayeichukua." Tulifungua lile kabati siku hiyo: karatasi za miaka sita, panya wametengeneza kiota kwenye kona. Hatukuchapa tena nakala ya tatu. Miaka yote hiyo tulipita mbele ya lile kabati, watu wazima wenye vyeti vyetu vya forodha, na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo ukimpa faili la zamani kama mfano, mwambie ni mfano wa nini, na ni wapi hafai kuufuata. Ningelifanya hilo mwaka 2019, hii namba 3 isingekuwepo.

3. Usimchane mtu kwenye grupu.

Hili nitalieleza lote, kwa sababu nimeona grupu zenu.

Mwaka 2019 nilikuwa na timu ya deklaranti kumi na mmoja, wale wanaojaza matamko ya forodha, na wanne kati yao walikuwa hawajatimiza miaka 24. Mmoja alikuwa binti wa miezi miwili kazini. Mkono mwepesi, makini, anafika kabla ya mlinzi hajafungua. Nikampa mzigo wa vifaa vya sola, nikampa na faili la mzigo uliotangulia wa mteja yuleyule, nikamwambia, "Fuata hii." Akafuata. Mzigo wa kwanza ulikuwa na betri za asidi, zinakaa namba ya forodha 8507.20. Huu wa pili ulikuwa na betri za lithiamu, ambazo kichwa chake kidogo ni 8507.60. Binti akazibandika 8507.20 kama faili lilivyosema.

Niliiona kabla haijatoka. Ilikuwa ni kumwita tu mezani, nimwonyeshe karatasi ya mtengenezaji, abadilishe tarakimu, basi. Badala yake nilipiga picha ya skrini, nikazungushia duara jekundu, nikairusha kwenye grupu la ofisi. Watu 34: madereva, wahasibu, mkurugenzi, mama wa usafi. Nikaandika: "Huyu ndiye msomi wetu. Digrii ya nini kama hujui betri?" Watu wakarusha vicheko. Nakumbuka niliviona vinapanda kimoja kimoja. Binti akajibu na mikono ya kuomba msamaha, akaandika, "Samahani dada, nimejifunza."

Nilidhani nimefundisha. Siwafichi, nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimechoka, meli mbili zilikuwa zimefunga gati siku moja, na mimi mwenyewe nilishawahi kuzodolewa hivyo na bosi wangu wa kwanza mbele ya foleni nzima ya mawakala. Nikajiambia mbona mimi nilikomaa.

Wiki sita zilizofuata makosa yalipungua. Hakuna aliyekuja mezani kwangu na sura ya "dada, kuna kitu." Kwenye kikao cha menejimenti nikasema nimewanyoosha vijana. Mkurugenzi akanipongeza.

Kumbe makosa yalikuwa palepale. Kilichopungua ni watu wa kuniambia.

Wiki ya saba likaja kontena la futi 40 la vipuri vya mashine za kusaga, la mzee mmoja wa Morogoro. Alikuwa na wateja wanaosubiri mashine kabla ya mavuno, na alikuwa amenipigia mara tatu kuniambia hivyo. Kazi niliigawa kwa kijana mmoja wa Tandika, wa pili kwa umri mdogo kwenye timu. Invoisi ilikuwa ya FOB Ningbo, yaani bei ya mzigo ukishapakiwa melini kule China, bila nauli ya meli wala bima. Yeye akaisoma kama CIF, bei yenye nauli na bima ndani. Mnajua maana yake: forodha kwetu inatoza kwa thamani ya CIF, kwa hiyo nauli ya meli na bima havikuingia kabisa kwenye thamani. Kodi ikatoka pungufu. Entri, yaani tamko la mzigo, ikalodjiwa (ikawasilishwa) Jumatatu, malipo yakafanyika Alhamisi, wiki iliyofuata afisa akapitia nyaraka, akauliza nauli iko wapi. Haki yake kuuliza. Barua za maelezo, thamani kupandishwa, kodi ya nyongeza, faini, na wakati huo wote kontena limekaa. Siku za bure zikaisha. Storeji ya bandari ikaanza kuhesabu upande mmoja, dimareji ya wakala wa meli, tozo ya kuchelewesha kontena, upande wa pili. Mpaka linatoka getini, zaidi ya milioni nne zilikuwa zimekwenda, na ofisi ndiyo iliyozilipa.

Nilimwita kijana ofisini kwangu. Alikuja na nakala yake ya invoisi ameishika kwa mikono miwili. Nikamuuliza, "Uligundua lini?"

"Jumanne, dada."

"Jumanne ya wiki hii?"

"Ile ya kwanza. Siku moja baada ya kulodji. Saa tatu na nusu asubuhi, wakati napanga faili."

Jumanne ile malipo yalikuwa hayajafanyika. Jumanne ile ilikuwa ni kuandika barua ya kuomba marekebisho, tueleze wenyewe kabla hatujaulizwa, mzee wa Morogoro asijue hata kama kuna kitu kilitokea. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakunijibu mara moja. Alikuwa anaitazama simu yangu pale juu ya meza, imelala kifudifudi. Kisha akasema, "Niliogopa grupu."

Nikamwomba ile karatasi. Chini kabisa, penye maneno "FOB Ningbo", karatasi ilikuwa imechakaa, ina manyoyamanyoya. Alikuwa amepiga mstari kwa penseli, akaufuta, akaupiga tena, akaufuta. Ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona alama za mistari mitatu. Kwa siku tisa mtoto huyu alikuwa anafungua lile faili, anaangalia lile neno, analifunga. Analala nalo, anaamka nalo, anapanda daladala nalo. Nilikuwa nimekaa mita nne kutoka kwake.

Tuna methali tunapenda kuwarushia vijana: mficha maradhi kilio humuumbua. Nilishaifungua mdomoni nimwambie. Ikanikwama, kwa sababu aliyemfundisha kuficha ni mimi, tena nilimfundisha kupitia mwenzake, bila kumgusa yeye.

Yule binti wa betri alikuwa ameshaondoka wiki mbili kabla, na mimi nilidhani amepata mshahara mkubwa zaidi. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alinisikiliza vizuri, ana heshima zake. Akasema hamna shida dada. Halafu akasema kitu ambacho bado kinanikaa: "Mimi niliondoa sauti ya grupu siku ileile. Sikuirudisha mpaka naondoka." Yaani maelekezo yote niliyokuwa narusha mle kwa karibu wiki tano, mabadiliko ya taratibu, tarehe za meli, yeye alikuwa hayasomi. Na ukimuuliza mtu yeyote ofisini angekuambia binti hajitumi.

Mzee wa Morogoro alikuja mwenyewe kuchukua mafaili yake. Miaka minane. Hakufoka. Aliniambia, "Binti yangu, ungenipigia siku ya kwanza ningekusubiri."

Nilichobadilisha baada ya hapo ni vitu viwili. Cha kwanza, niliwaambia timu: ukigundua kosa lako, ukaniambia ndani ya saa moja, sitauliza nani kafanya, nitauliza tunafanyaje. Wiki ile hakuna aliyeniamini, na msitegemee kuaminiwa kwa tangazo. Waliniamini siku kijana mmoja aliponijia na kosa linalouma kweli, namba ya BL, hati ya shehena ya meli, ya mteja mwingine, mchana wa Ijumaa mfumo unakaribia kulala, na nikavuta kiti tukakaa. Walikuwa wananiangalia wote. Sikufoka. Tumbo lilinikata, lakini sikufoka.

Cha pili ni nusu saa ya Ijumaa asubuhi, na mimi ndiye naanza, kwa kosa langu la wiki hiyo. La kweli, lenye jina la faili. Ijumaa ya kwanza niliongea peke yangu. Ya pili vilevile. Ya tatu kijana wa Tandika akanyoosha mkono.

Kuna wanaoniambia nimekuwa mlaini. Kosa lilelile likirudi mara ya tatu tunaongea mlango umefungwa, na siku hiyo sichekicheki. Na anayekula fedha ya kodi ya mteja, huyo hana Ijumaa, ana sheria. Ila kosa na wizi ni vitu viwili, na msimamizi anayevifokea kwa sauti moja atafichwa vyote viwili.

4. Voisi noti ya saa nne usiku.

Mnatuma saa nne usiku, mnaona tiki za bluu, hamjibiwi, asubuhi mmenuna. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na zisizidi tisa kwa siku, na kinachozidi kinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Sisi tulikuwa hatuisomi. Hawa wanayo kwenye simu. Kijana mmoja alinionyesha kifungu chenyewe, kwa adabu, kidole kwenye skrini, baada ya mimi kumwita Jumapili mbili mfululizo bila senti. Nilikasirika kama nusu siku hivi. Kisha nikaenda kwa mhasibu tukapanga zamu za wikiendi na malipo yake, na tangu hapo meli ikifunga gati Jumamosi napata watu wa kujitolea zaidi ya ninaowahitaji. Walikuwa hawaikatai kazi.

Na lile tishio mnalolipenda, "Bado hujafikisha miezi sita hapa," liacheni. Ni kweli chini ya miezi sita kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haijamfikia. Anajua. Ukimkumbusha umemwambia tu aanze kutuma CV.

5. Mtoto wa field hajaja kununua chapati.

Amepewa wiki nane na chuo, ana kitabu cha kujaza kila siku, na ninyi siku ya tano mnamsainia "alisaidia shughuli za ofisi." Mpeleke ukaguzi. Akaone kontena likifunguliwa, asikie joto linalotoka mle, aone katoni zikihesabiwa na pakingi listi mkononi. Nimewaona watoto waliokuwa wanasinzia kwenye kompyuta wakirudi kutoka ukaguzi na mavumbi mpaka kwenye nyusi wanaongea bila kupumua.

6. Wanaposema hawako sawa.

Hapa hata mimi uvumilivu hunipungua, nakiri. Siku ya meli, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, inaingia meseji: "Dada leo sitaweza kuja, siko sawa kichwani." Ya kwanza nilipoipata nilitaka kujibu kwa maneno ambayo leo ningeyajutia. Kwetu mtu haji kazini akiwa na malaria au msiba. Nikaiacha meseji bila kuijibu mpaka mchana, hasira ikapungua, nikampigia. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja tangu wiki iliyopita, na yeye ndiye mkubwa, anamgeuza usiku kila baada ya saa mbili. Hakutaka kusema kwa sababu alidhani tutampunguzia kazi.

Tulikubaliana: simdai maelezo, lakini anijulishe kabla ya saa moja asubuhi ili nipange mtu. Alilishika lile neno. Kuna wengine wataitumia vibaya, na hao utawajua ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu vichwa vyao huumwa Jumatatu tu. Ongea nao wao, usiwaadhibu wote.

Na nyie madogo, kama mmefika hapa kwenye kusoma: saa mbili na dakika arobaini si muda wa kutoa taarifa. Mwenzako ndiye anayebeba.

7. Msifu kwa kitu, siyo kwa hewa.

"Kazi nzuri" haina uzito, sema "uliona kwamba cheti cha viwango cha TBS hakipo kabla mteja hajatuma fedha, umetuokolea wiki nzima." Hiyo iweke kwenye grupu, na mkurugenzi aione.

8. Simu zao msizikusanye, vijana hao ndio wanaowapigia nyaraka picha na kuwatafutia meli ilipo mkiwa bado mnatafuta miwani.

9. Salamu.

Mnalalamika hawaamkii. Wengine kweli hawaamkii, anaingia na spika masikioni anakupita. Nilichofanya mimi ni kuamkia kwanza. "Habari za asubuhi, umelalaje?" kila siku, kwa jina, mpaka aone aibu. Wiki ya pili wengi wao wanakuwahi kwa shikamoo kabla hujafika mlangoni. Mmoja tu alinishinda, na kazi yake ni safi, nimeacha.

10. Wataondoka.

Mwaka mmoja, miwili, anakuja na barua. Msichukie, msimnyime cheti cha utumishi, msimtangazie kwamba hana shukrani. Nimepokea simu kutoka mipaka ya Tunduma na Rusumo za watu niliowalea, wananisaidia mzigo uliokwama, kwa sababu waliondoka kwangu kwa kupeana mkono. Kijana wa Tandika leo ana timu yake kwenye kampuni nyingine. Aliniambia ana nusu saa yake ya Ijumaa.

Sasa wewe uliyekuwa chumba cha operesheni Alhamisi. Unajijua, na sitakutaja, maana nimetoka kuandika namba 3. Yule dogo anakaa meza ya tatu kutoka dirishani. Tangu siku ile hali chakula cha mchana na wenzake. Anashuka chini kwa mama ntilie peke yake na kurudi kabla wao hawajaondoka. Ana entri nne wiki hii, na moja ina invoisi ya kurasa kumi na saba. Jumatatu fika kabla ya saa mbili, wakati chumba bado kina watu wawili watatu. Usiandike meseji. Vuta kiti, ukae upande wake wa meza, umwombe radhi kwa maneno yako, halafu mwambie mfungue pamoja lile tamko la Alhamisi umwonyeshe kisanduku cha uzito. Na kabla hujainuka muulize kama kuna kitu kingine alikiona wiki iliyopita ambacho hajakisema. Usiangalie simu wakati anafikiria.